Nne na nusu: hesabu za amani na watu wa nusu

Naandika kutoka Kifungilo, wadau. Nilipanda juzi kutoka Mombo, kona baada ya kona mpaka masikio yakaziba, nikapokewa na ukungu na baridi ya kutafuta blanketi saa kumi jioni. Nimekuja kwa shangazi kupumzika. Nilijiapiza kwamba wiki nzima sitaandika habari za siasa wala za vita. Nitakula mapeasi, nitalala, nitarudi Dar nikiwa binadamu. Sijaweza.

Kilichoniharibia likizo ni redio ya kwenye kibanda cha chai. Asubuhi tumekaa watu saba hivi, chai ya tangawizi na maandazi, mtangazaji anasoma habari za mashariki ya Kongo: mazungumzo, wapatanishi, tamko la pamoja, wahisani kuombwa waongeze fedha. Habari hiyohiyo mimi mwenyewe nimeshaiandika mara nyingi, nikibadilisha jina la hoteli tu. Mzee mmoja aliyekuwa hajasema neno akaweka kikombe chini, akanigeukia (walishamwambia kwamba mie ni mtu wa magazeti), akauliza: "Hebu niambie mwanangu. Hao wanaolima huko, kwenye hicho kikao wamemtuma nani?"

Nikaanza kujibu. Asasi za kiraia, nikasema. Waangalizi. Halafu kuna wawakilishi wa... Nikakwama. Mzee akacheka kidogo, akarudi kwenye chai yake.

Baadaye nikamfuata. Kumbe alikuwa dereva wa lori, na miaka ya 90 aliwahi kupeleka magunia ya mahindi kwenye kambi ya Mkuyu, kule Handeni, kwa wakimbizi waliokimbia vita ya Somalia. "Nilienda nikijua nitahitaji mkalimani," akaniambia. "Mama mmoja akasogea kwenye lori akaniuliza mahindi yametoka wapi. Kizigua, mwanangu! Kizigua cha bibi yangu, maneno ambayo sisi tumeshayaacha." Mzee ni Msambaa, lakini Msambaa na Mzigua wakikutana hawahitaji mkalimani, wote ni Waseuta. Aliniambia alishusha mzigo siku ile huku anatetemeka kama aliyeona mizimu.

Sasa naomba mnivumilie, maana habari ya watu hawa wengi wetu tuliosoma hatuijui. Tunajua Black Hawk Down kwa sababu tumeiona kwenye sinema. Hatujui kwamba katika vita ileile waliokuwa wanauawa na kuporwa walikuwemo wajukuu wa Handeni.

Miaka ya 1830 ukame uliipiga nchi ya Wazigua na jirani zake. Watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Masimulizi yao yanasema wengine waliahidiwa kazi na chakula ng'ambo, wakapanda majahazi kwa hiari yao, wakashushwa Somalia wakiwa watumwa. Naomba mkumbuke hilo: safari yao ilianza na ahadi ya chakula. Huko wakatoroka mashamba ya mabwana zao, na masimulizi yanamtaja mwanamke mganga, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Wakaingia kwenye misitu ya Gosha kandokando ya Mto Juba, wakafyeka, wakalima mahindi, wakakaa. Zaidi ya miaka 150 wakaitunza lugha yao. Wasomali wenye ng'ombe na ngamia waliwaita majina ambayo sitayaandika hapa.

Januari 1991 Siad Barre akakimbia Mogadishu. Dola ikafa. Katika nchi ambayo ulinzi wako ni ukoo wako, hawa hawakuwa na ukoo wenye bunduki. Walichokuwa nacho ni maghala ya nafaka na ardhi nzuri kuliko zote Somalia. Unaweza kukisia kilichofuata. Wanamgambo wa kila upande waliopita bondeni walichukua mahindi, wakarudi kuchukua mbegu, wakarudi tena kuchukua binti. Ndiyo maana njaa ya 1992 iliwaua wakulima, watu ambao kazi yao ni kuzalisha chakula. Waandishi wenzangu wa wakati ule waliandika "ukame". Ukame ulikuwepo kweli, lakini mvua haivunji mlango wa ghala.

Na wakubwa wa dunia walikuwa wapi? Umoja wa Mataifa uliondoa watu wake vita ilipochacha. Msalaba Mwekundu ukabaki, na kufikia 1992 majiko yake yalikuwa yanalisha watu zaidi ya milioni moja. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu Salim Ahmed Salim, ulitoa matamko. Salim hakuwa na jeshi wala fedha na simlaumu peke yake, lakini tusijifanye tulikuwa mbali.

Julai 1991 palikuwa na mkutano Djibouti, wakubwa wa makundi wakagawana vyeo, Ali Mahdi akawa rais, Aideed akakataa, na kufikia Novemba wanapigana mizinga katikati ya mji mkuu. Umoja wa Mataifa ukarudi 1992, ukamtuma Mohamed Sahnoun, mwanadiplomasia kutoka Algeria. Huyu bwana alifanya kitu cha ajabu: alitembea nchini na kuongea na wazee wa koo, akasema amani itajengwa polepole kutoka chini. Pia alisema hadharani kwamba Umoja wa Mataifa umechelewa na umeboronga. Kabla mwaka haujaisha akawa ameshajiuzulu.

Badala yake yakaja majeshi. Tarehe 9 Desemba 1992 wanamaji wa Marekani walitua ufukweni Mogadishu usiku na kukuta wapiga picha wa televisheni wameshawatangulia, taa zimewashwa. Jamani! Nisiwe mchoyo wa fadhila, askari wale walifungua barabara na chakula kikapita, kuna watu wako hai leo kwa sababu hiyo. Lakini mchezo wa mezani haukubadilika. Machi 1993 huko Addis Ababa makubaliano ya amani yalitiwa saini na makundi 15. Sifa ya kukaribishwa ilikuwa nini? Kuwa na kundi lenye silaha. Ukiwa na watu wenye bunduki na lori lenye mzinga, unapata kiti, kitanda cha hoteli na maikrofoni. Ukiwa na jembe, unapata kadi ya mgao, kama upo kwenye orodha.

Miezi mitatu baadaye Aideed huyohuyo, aliyekuwa anasalimiwa kwa mikono miwili, akawekewa zawadi ya dola 25,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwake. Oktoba wakafa Wamarekani 18 na Wasomali mamia. Machi 1995 Umoja wa Mataifa ukafunga virago.

Lakini hayo bado ni makosa ya haraka, ya watu waliokurupuka. Kinachonikera zaidi ni kilichofanyika kwa utulivu, miaka mingi, na vikao vya kutosha.

Mwaka 2000, huko Arta, Djibouti, wapatanishi na Wasomali walikubaliana namna ya kugawana nchi. Koo kubwa nne zinapata mafungu sawa. Waliobaki wote, yaani wakulima wa Juba na Shebelle, watu wa Barawa, watu wa miji ya pwani na wengineo, wanawekwa kwenye kapu moja, na kapu hilo linapata nusu ya fungu. Nne na nusu. Hivyo ndivyo ilivyoitwa na inavyoitwa, 4.5, kwenye nyaraka rasmi, na watu wenye shahada za uzamivu wakaitamka bila kuona haya. Hesabu hiyo ikapelekwa Kenya, kwenye mazungumzo yaliyoanza Eldoret 2002 na kumalizikia Mbagathi, Nairobi, 2004. Miaka miwili ya hoteli na posho, ikatoka na bunge la watu 275: viti 61 kwa kila ukoo mkubwa, viti 31 kwa "wengine". Piga hesabu mwenyewe, inafika 275 bila kubaki hata kiti kimoja. Hesabu safi kabisa.

Jiulizeni: nani aliyewahesabu hao "wengine" akaona ni nusu? Hapakuwa na sensa. Kilichopimwa pale ni uwezo wa kuvuruga mkutano. Aliyeweza kurudi nyumbani na kuwasha moto alihesabiwa mmoja, na aliyekuwa hana kiberiti akahesabiwa nusu.

Bunge la 2012 liliundwa kwa hesabu hiyohiyo, na mwakilishi maalumu wa Umoja wa Mataifa wakati ule alikuwa Balozi Augustine Mahiga, mtu wa kwetu. Mahiga alikuwa na ujasiri. Ndiye aliyehamisha ofisi yake kutoka Nairobi kwenda Mogadishu Januari 2012, wakati wengine waliona raha kuiongoza Somalia wakiwa Gigiri. Nasema haya kwa heshima, marehemu alitutumikia vizuri. Lakini nne na nusu aliikuta na akaiacha. Na uchaguzi wa 2022 nao ukapita humohumo.

Tuje kwenye chakula, maana ndicho wahisani wanachojivunia. Machi 2010 kikundi cha wataalamu wa Umoja wa Mataifa kilichokuwa kinafuatilia vikwazo vya silaha Somalia kiliandika kwamba hadi nusu ya chakula cha msaada kilikuwa kinaishia mikononi mwa wakandarasi, washirika wa hukohuko na wanamgambo. WFP ikakanusha. Sawa, tuseme walizidisha, tuseme ilikuwa robo. Hata robo ni jeshi zima limekula. Wakati huohuo Al-Shabaab wanafukuza mashirika kusini, na sheria za Marekani za kupambana na ugaidi zinawatisha wafadhili wasipeleke kitu eneo hilo, maana kitakachoangukia mikono isiyotakiwa kinaweza kukufikisha mahakamani. Wakulima wakabaki katikati. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza njaa rasmi katika sehemu za Bakool na Shebelle ya Chini. Utafiti uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Na waliokufa zaidi ni watu wa mabonde ya mito na wakulima wa kusini, watu wasio na ndugu mwenye duka Nairobi wala binamu mwenye bunduki. Nusu ya chakula, nusu ya kiti. Mnaona inavyoshikana?

Huu ni usanii, wadau. Amani wanapewa wenye silaha ili wasipigane, na msaada unapelekwa kwa wasio na silaha ili wasife mbele ya kamera, halafu wenye silaha wanautoza ushuru njiani. Mfereji unarudi palepale.

Najua mtakaloniambia, na baadhi yenu mmeshalianza kulichapa. Wenye bunduki ndio wanaoweza kusimamisha vita, sasa utaongea na nani, na shangazi yako wa Kifungilo? Mtaniletea Burundi. Mwalimu Nyerere alianzisha mazungumzo ya Arusha mwaka 1998, vyama vikakaa, lakini makundi makubwa ya wapiganaji hayakuwa mezani. Mwalimu akafariki Oktoba 1999, Mandela akamalizia, mkataba ukasainiwa 28 Agosti 2000, na vita ikaendelea kana kwamba hakuna karatasi yoyote. Ni mpaka CNDD-FDD waliposaini 2003 ndipo bunduki nyingi ziliponyamaza.

Hoja hiyo naikubali. Huwezi kusimamisha risasi kwa kuongea na asiyezipiga. Lakini rudini mkausome huo mkataba wa Arusha. Una itifaki nzima inayozungumzia wakimbizi, ardhi yao na namna watakavyoipata wakirudi. Wanawake wa Burundi walifanya mkutano wao Arusha Julai 2000, wakapeleka madai yao, na mengi yakaingia. Kwa nini? Kwa sababu walikuwepo watu ambao hoja yao haikuwa cheo. Mkataba ule haukuifanya Burundi kuwa pepo, tuliona 2015 yaliyotokea. Lakini suala la nani atalala kwenye shamba la nani liliandikwa. Kule Addis 1993 wenye mizinga 15 wangeandika nini kuhusu mashamba ya Juba, wakati wao ndio walioyashikilia?

Kwa hiyo ongeeni na mwenye bunduki habari ya bunduki yake. Azime moto, aonyeshe askari wake walipo, afungue barabara. Mkishaanza kuongea habari ya nchi, viti, ardhi, nani ni raia, kiti chake kiwe kimoja kati ya vingi. Tunachofanya ni kumkabidhi yeye mada zote mbili. Halafu tunashangaa wenzake wanajifunza. Mashariki ya Kongo kundi linaitwa M23 na jina lenyewe ni tarehe ya mkataba, 23 Machi 2009. Lilishindwa 2013, na wanajeshi wetu wa JWTZ walikuwemo katika kikosi kilicholisukuma. Likarudi, Januari 2025 likaichukua Goma. Tarehe 8 Februari marais wa Afrika Mashariki na wa SADC wakakutana Dar, na Julai mwaka huohuo kundi hilo likawa linasaini tamko Doha. Kijana wa Masisi anayetazama haya yote, mkimwambia jembe ndilo litakalomtoa, atawaelewa?

Na wale Wazigua wa Juba? Waliokimbilia Kenya walikaa Dadaab wakiendelea kuonewa na wakimbizi wenzao. Miaka ya mwanzo ya 90 Tanzania iliombwa iwapokee, ikasema haiwezi, na kwa haki kabisa: Aprili 1994 watu wanaokadiriwa 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa siku moja. Msumbiji ilikubali kisha ikabadili mawazo. Mwishowe Marekani ikawachukua wapatao 12,000 kuanzia 2003, na leo kuna Kizigua kinazungumzwa kwenye theluji ya Lewiston, Maine. Waliokuja moja kwa moja kwa bahari mpaka Tanga walikaa Mkuyu, wakahamishiwa Chogo hukohuko Handeni, wakapewa viwanja na mashamba, na serikali ikaanza kuwapa uraia. Ni watu wachache, maelfu machache tu. Lakini katika habari yote hii ndefu, katika mikutano yote niliyoitaja, hicho ndicho kitu pekee ninachokiona kilichomfanya mtu wa nusu akawa mtu mzima: shamba na karatasi. Hakikuhitaji mpatanishi wa kimataifa.

Msianze kupiga makofi. Nchi hiihii iliyotoa uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972, mwaka 2018 ilijitoa kwenye mpango wa kimataifa wa kuwawezesha wakimbizi, masoko ya kambini yakafungwa, na Agosti 2019 ikakubaliana na Burundi kurudisha watu 2,000 kila wiki. Kila wiki! Idadi imepangwa kabla mtu hajaulizwa kama anataka kwenda. Hiyo nayo ni hesabu ya aina ileile ya Arta, ila hii imefanyiwa Kiswahili. Nyarugusu ipo Kigoma tangu 1996, kuna watu wamezaliwa mle, wakazaa mle, na mgao unapunguzwa kila mfadhili anapobanwa au anaponuna. Sisi tunajiita kisiwa cha amani.

Shangazi amepita hapa mlangoni akaniuliza naandika nini na moto unazimika. Nikamweleza ile nne na nusu. Akanyamaza, kisha akasema hapa Kifungilo masista walikuwa na nyumba ya kulelea watoto chotara, wakati wa ukoloni, watoto wasiotakiwa kwa Wazungu wala kwa Waafrika. Ni kweli, Maria Nhambu aliyelelewa hapa ameandika habari za maisha hayo. Shangazi anasema zamani watu walikuwa wanawaita nusu-nusu. Halafu akaniambia nilete kuni.

Kesho nateremka na gari la alfajiri. Nitashuka Korogwe badala ya kwenda moja kwa moja Dar, nitafute usafiri wa Handeni. Mzee wa lori amenichorea ramani ya kufika Chogo nyuma ya karatasi ya sukari, na ameniagiza nimuulizie yule mama. Jina lake halijui. Anakumbuka tu kwamba aliuliza mahindi yametoka wapi, na kwamba yeye hakuwa na jibu.